Vaisi ya karakana ya nyumbani: mpya ya dukani, kuukuu ya Sheffield, au ya kuchomelewa na fundi?

Anayetaka kufunga vaisi, yaani jiliwa ya kubania vyuma, kwenye banda la nyuma ya nyumba ana njia tatu. Dukani kuna mpya ya chuma cha kusubu, imo ndani ya boksi na rangi bado inanukia. Kwa wauza vyuma chakavu na kwenye minada ya karakana zilizofungwa kuna za zamani, nyingi zikiwa za chapa ya Record ya Uingereza, kutu imezikamata mpaka mkono hauzunguki. Na kwa mafundi wa kuchomelea, Gerezani ya Dar es Salaam au Kamukunji ya Nairobi, kuna iliyoundwa kwa bomba la mraba na flati baa. Zote hubana. Kinachozitenganisha ni aina ya kazi zinayoivumilia, na kazi zinayokudai wewe kabla hazijaanza kukutumikia.

Vya kupima kabla ya kutoa pesa

Ukubwa wa vaisi ni upana wa taya. Inchi 4 (mm 100) inatosha kunolea mapanga, kukatia mabomba ya maji na kutengenezea vitasa. Inchi 5 (mm 125) ndiyo saizi ya mtu anayegusa pia baiskeli, pikipiki na uchomeleaji. Inchi 6 (mm 150) inataka meza nzito kuliko zilizopo kwenye nyumba nyingi; ukiifunga kwenye meza nyepesi, meza ndiyo itakayotembea.

Uzito unasema ukweli kuliko kibandiko. Ya inchi 5 yenye kilo 15 na kuendelea ina nyama. Ya kilo 8 imepunguzwa chuma mahali fulani, na mara nyingi ni chini ya mhimili unaoteleza (ule unaobeba taya ya mbele), ambako mnunuzi haangalii. Nenda na mizani ya kuning'iniza, kisha gawa bei kwa kilo. Utashangaa ni vaisi ngapi "za bei poa" ambazo kwa kilo ni ghali kuliko jirani yake kwenye rafu.

Aina ya chuma inaamua itakavyokufa. Chuma cha kusubu cha kijivu hakipindi, kinavunjika ghafla. Kile kinyumbufu, ambacho grafiti yake imejikusanya kama vidonge badala ya vipande bapa, hukubali kupinda kidogo kwanza. Baadhi ya vaisi huandikwa 30,000 PSI au 60,000 PSI mwilini (PSI ni kipimo cha nguvu ya chuma): ya kwanza ni chuma cha kijivu, ya pili ni kinyumbufu. Isiyo na maandishi, ichukulie kuwa ya kijivu.

Halafu nati, ile iliyo ndani ya mwili ambamo skrubu kuu huzunguka, na hapa ndipo pesa ilipo. Kutu hutoka, rangi hupakwa, bamba la taya hubadilishwa kwa kufungua skrubu mbili. Nati iliyolika ni safari ya kwa mkereza vyuma. Pima hivi: zungusha mkono kulia mpaka taya ianze kusogea, kisha rudisha kushoto polepole na uangalie mzunguko unaopotea bure kabla taya haijarudi. Robo ya mzunguko ni kawaida. Ukipoteza nusu na zaidi, usihukumu haraka. Tazama kichwa cha skrubu kuu pale kinapoingia kwenye taya ya mbele. Kama kinatoka na kuingia, kilicholegea ni washa au kola ya nyuma yake, na hiyo ni kazi ndogo. Kama kichwa kimetulia lakini taya bado inachelewa, nati imekwisha. Fungua vaisi yote utazame meno ya skrubu yenyewe: kilele cha jino kinatakiwa kiwe bapa. Jino lililochongoka kama kisu limeliwa, na nati yake haiwezi kuwa salama.

Mwisho, taya. Weka vipande vinne vya karatasi kwenye kona nne, bana kidogo, vuta kimoja kimoja. Vya juu vikishika kabla ya vya chini, nunua bila wasiwasi: vaisi nzuri hukutana juu kwanza, kwa sababu nguvu ikizidi taya hujipanua upande wa juu. Vya chini vikishika na vya juu kutoka, kila kitu utakachobana kitaruka.

Mpya ya dukani

*Mwili.* Kwa kawaida ni chuma cha kijivu. Kwenye za bei ya chini, mashimo ya kusubu huzibwa kwa fila ileile ya bodi za magari, kisha rangi nzito juu. Gonga mwili wote kwa funguo: chuma kinalia, fila ina sauti iliyokufa. Fila kwenye ubavu haina madhara. Kwenye mkunjo wa taya au masikio ya boliti, rudisha rafuni. Kitako kinachozunguka kinavutia, ila ni kiungo cha ziada kinachoshikwa na boliti mbili ndogo, na hulegea ukianza kuvuta kwa nguvu. Ukiweza kupata ya kitako kisichozunguka kwa bei hiyohiyo, chukua hiyo.

*Skrubu na nati.* Meno ni mapya, kwa hiyo mchezo ni mdogo. Angalia urefu wa nati kwa kuifungua taya ya mbele mpaka itoke: nati fupi ina meno machache ya kubeba mzigo wote, na italika mapema.

*Taya.* Bamba zake si lazima ziwe zimekazwa kwa moto. Pitisha tupa kwenye kona isiyoonekana. Ikiteleza bila kuuma, bamba ni gumu, ikikwangua ni laini.

*Kazi baada ya kununua.* Saa moja au mbili. Ifungue yote uoshe kwa mafuta ya taa, maana mchanga wa kusubia na vumbi la mashine hubaki ndani ya nati, na vikichanganyika na grisi vinasaga meno. Ondoa makali ya kingo za mhimili kwa tupa laini. Kama jaribio la karatasi linaonyesha upande mmoja umelegea kidogo, kata kipande cha kopo la soda (unene wake ni karibu mm 0.1) ukiweke nyuma ya bamba la taya upande huo. Kisha grisi, funga.

*Inamfaa* anayetaka kuanza kazi leo, anayebana vitu vya kawaida, na asiye na nafasi wala hamu ya kukarabati. Haimfai anayenyoosha vyuma kwa nyundo ya kilo 2.

Kuukuu ya kukarabati

*Mwili.* Record zilitengenezwa Sheffield na namba yake imesubiwa ubavuni: No. 3 ni inchi 4, No. 5 ni inchi 5, No. 6 ni inchi 6. Zenye namba 23, 24 na 25 zina kishikio cha kuachia nati ili taya iteleze haraka. Ni raha kutumia, lakini nati yake ya nusu na springi yake ndivyo vitu vya kwanza kuchoka. Paramo na Woden nazo ni za Uingereza na ziko katika daraja hilohilo.

Adui hapa ni ufa. Ining'inize au iweke juu ya ubao, igonge kwa nyundo ndogo: mwili mzima unalia, wenye ufa unasema "tak". Ukishuku mahali, pafute safi, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, kausha kwa kitambaa kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyonywewa na ufa yatatoka tena na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, mwembamba kama unywele. Tafuta kwenye masikio ya boliti, kwenye mkunjo wa chini ya taya ya nyuma, na chini ya mhimili. Sikio lililopasuka linachomeleka kwa elektrodi ya nikeli, vipande vya mm 25 kwa zamu, na kupoa taratibu ndani ya majivu makavu. Ufa kwenye taya au mhimili, achana nayo hata ukipewa kwa bei ya maji.

*Skrubu na nati.* Nati ni kipande chake peke yake, hivyo hubadilika. Mkereza anaweza kukutengenezea ya shaba nyeusi kwa kufuata skrubu ya zamani, na skrubu ikiwa imelika, atengeneze vyote viwili pamoja. Uliza bei hiyo kwanza. Vaisi iliyoganda kabisa huwezi kuipima nati, kwa hiyo lipa bei ya chuma chakavu tu, hata muuzaji aapie jina la Record. Na Kenya biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake ya mwaka 2015 inayodai leseni, basi chukua risiti.

*Taya.* Bamba hubadilika. Flati baa ya mm 10 inatosha kwa taya laini. Kwa ngumu, kipande cha springi ya gari: kipashe mpaka chekundu, kizike kwenye majivu kipoe usiku kucha, kitoboe, kipashe tena mpaka sumaku isikishike, kizamishe kwenye oili, king'arishe, kisha pasha polepole mpaka kigeuke rangi ya majani makavu. Ukiruka hatua ya mwisho, bamba litakatika kama kigae.

*Kazi baada ya kununua.* Wikendi mbili, kwa hesabu ya kweli. Utaratibu ni huu:

1. Kuifungua. Vaisi iliyoganda ipake mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asetoni na oili ya gia otomatiki, asubuhi na jioni, siku tatu. Usitie bomba kwenye mkono ili kulazimisha. Utapinda mkono au kupasua mwili. Ikianza kucheza, nenda mbele na nyuma kidogo kidogo. Taya ya mbele inapokaribia kutoka iwekee ubao chini, maana ikianguka sakafuni ufa utakuwa wa kwako mwenyewe.

2. Skrubu za bamba za taya. Hizi ndizo hutesa watu. Safisha mfereji wa kichwa kwa msumari, tumia bisibisi ya kugonga, na kama hazitaki, pasha eneo pana kwa moto wa gesi. Usichome sehemu moja: chuma cha kusubu kikipanuka upande mmoja hupasuka. Ikikatika ndani, toboa katikati. Kumbuka vaisi za Uingereza za enzi hizo zina uzi wa Whitworth, kipimo cha zamani cha Uingereza cha inchi. Skrubu ya inchi 5/16 inaonekana kama M8 (ya mm 8), lakini uzi wake ni 18 kwa inchi na wa M8 ni kama 20, kwa hiyo M8 itaingia mizunguko miwili, ishike, na iue uzi. Kama huna skrubu sahihi, panua hadi M10 kwa biti ya mm 8.5 na tapu, na upanue tundu la bamba pia.

3. Kutu. Vipande vidogo vizamishe kwenye siki usiku mmoja, visugue, visuuze kwa maji yenye baking soda. Usiviache siku tatu; siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Mwili mkubwa unataka umeme: ndoo ya plastiki, maji lita 20, vijiko vikubwa vitano vya soda ya kufulia. Magadi ya sokoni yaache, yana chumvi. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye vaisi, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, na viwili hivyo visigusane. Ukikosea nyaya, vaisi ndiyo italiwa. Usitumie stenlesi upande wa chanya, maji yatakuwa na kromiamu yenye sumu. Fanya nje, mbali na moto, kwani povu lile ni haidrojeni, na zima chaja kabla ya kutia mkono. Saa 12 hadi 24 zinatosha. Chaja za kisasa zisipoona betri hazifanyi kazi kabisa. Ile ya zamani yenye transfoma nzito ndiyo inayofaa.

4. Rangi ya zamani. Ichukulie kuwa ina risasi. Usiipige grainda ikiwa kavu. Tumia dawa ya kutoa rangi, kwangua ikiwa imelowa, kusanya mabaki kwenye gazeti, weka watoto mbali.

5. Kukausha na kupaka. Chuma kilichotoka majini hushika kutu mpya ndani ya dakika chache, na Tanga, Mombasa au Unguja ni kabla hujamaliza kufuta. Anika juani, sugua kwa brashi ya waya, futa kwa thina. Funika kwa utepe mhimili, meno ya skrubu, kikalio cha bamba za taya na uso wa juu wa fuawe (sehemu bapa ya kugongea). Rangi ikiingia kwenye mhimili itabanduka na kukwama ndani kama gundi. Praima ya redi oksaidi mkono mmoja, rangi ya mafuta mikono miwili myembamba, saa 24 kati ya mkono na mkono. Halafu wiki nzima bila kubana kitu kizito. Wengi huharibu hapa, wanaifunga siku ya pili na kitako kinang'oka pamoja na rangi.

6. Kulainisha. Grisi kwenye nati na kola, oili nyepesi tu kwenye mhimili. Grisi juu ya mhimili hukusanya chembe za tupa na kuwa msasa.

*Inamfaa* mwenye muda, mwenye mahali pa kuchafua, na anayetaka vaisi itakayobaki baada yake. Haimfai mwenye kazi ya mteja wiki ijayo.

Ya kuchomelewa

*Mwili.* Chuma cha kawaida hupinda na kunyooshwa, hakivunjiki ghafla, na ufa wowote unachomeleka popote palipo na mashine. Hiyo ni sifa ambayo nyingine mbili hazina. Udhaifu wake ni ulegevu. Bomba la ndani la 50×50 huingia kwenye la nje la 60×60 lenye unene wa mm 4, likibaki na nafasi ya mm 2 kwa jumla, mm 1 kila upande. Ni nyingi: ukibana, taya ya mbele inainua pua. Fundi mzuri hujaza nafasi hiyo kwa vipande vya bati na kupiga tupa mshono wa ndani wa bomba la nje kwanza. Mwombe aunganishe kwa nukta wakati skrubu na vibati vimo ndani, ajaribu kuzungusha, ndipo amalizie, tena kwa kubadilisha pande. Akichomelea upande mmoja mfululizo, bomba linavutika na vaisi inakwama siku ya kwanza.

*Skrubu na nati.* Hapa ndipo nyingi hufeli. Fimbo ya uzi ya M24 ina meno ya V yenye hatua ya mm 3, yaliyotengenezwa kwa kukaza na kuacha, si kwa kwenda na kurudi kila siku. Nati moja ya kawaida itakwisha mapema. Dai skrubu ya meno ya mraba, hata ikitoka kwenye jeki ya zamani ya gari au ya jukwaa la ujenzi, pamoja na nati yake. Ikishindikana kabisa, nati ndefu ya kuungia fimbo, na itiwe grisi kila wiki.

*Taya.* Fundi hukata unavyotaka: pana, ndefu, zenye mfereji wa V wa kubania bomba. Springi ya gari inapendwa. Mwambie azifunge kwa boliti, asizichomelee, ili siku moja ziweze kubadilishwa.

*Kazi baada ya kununua.* Ndogo: kusugua, praima, rangi. Kazi yako halisi ni kusimama pale wakati inaundwa.

*Inamfaa* anayebana mabomba, fremu za madirisha na vyuma vya kuchomelea, na anayehitaji umbo ambalo duka halina. Haimfai anayepiga tupa kwa vipimo, na haina fuawe ya kugongea.

Kuifunga, iwe ipi

Sehemu ya juu ya taya ilingane na kiwiko chako ukiwa umesimama. Taya ya nyuma itokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili chuma kirefu kiweze kushuka wima hadi sakafuni. Iweke juu ya mguu wa meza, si katikati. Ubao wa mm 50, boliti za M12 zinazopita juu hadi chini, washa pana au kipande cha flati baa chini yake, na nati mbili kila boliti. Kama uso wa meza si sawa, weka kipande cha mpira au bati chini ya sikio linaloelea kabla ya kukaza. Sikio la chuma cha kusubu likivutwa kuelekea pengo linakatika. Na unapogonga, gonga kuelekea taya ya nyuma, maana ya mbele imeshikwa na skrubu tu.

Kwa hali yako

Una bajeti ndogo na unahitaji kufanya kazi wiki hii: mpya ya inchi 4 nzito, badala ya mpya ya inchi 6 nyepesi ya bei ileile. Bajeti ndogo lakini una muda: kuukuu, ilimradi umeona meno ya skrubu kwa macho yako.

Unaishi mbali na mkereza yeyote: epuka kuukuu yenye nati ya kutilia shaka, hata ikiwa nzuri namna gani. Mpya, au ya fundi wa kuchomelea aliye karibu nawe, itakutunza zaidi.

Unagonga sana, kunyoosha vyuma vya trela au majembe: kuukuu kubwa ya No. 6 kwa kubana, na kugonga ufanyie kwenye kipande cha reli pembeni. Kipande cha reli ni rahisi kuliko taya mpya.

Unapiga tupa, kunoa na kutengeneza vipuri vidogo: jaribio la karatasi liamue, jina la mtengenezaji lisikuamulie. Mpya iliyonyooka itaishinda kuukuu iliyolegea.

Umepanga nyumba na utahama: ya kuchomelewa, iliyofungwa juu ya stendi yake ya miguu mitatu yenye sahani nzito chini, inabebeka na pikapu bila kutoboa meza ya mwenye nyumba.

Na kama kazi yako ni mbao tupu, hakuna hata moja kati ya hizi. Tafuta vaisi ya seremala inayofungwa chini ya ukingo wa meza, kama Record 52½ au 53, uivishe taya za mbao. Meno ya vaisi ya chuma yataacha alama kwenye mninga kila ukibana.